Mlima Chini ya Nyayo

Nilichukua gazeti la wiki iliyopita, rula ya mwanangu na mkasi, nikakata kipande cha sentimita 41 kwa 51. Nikakibandika ukutani jikoni, juu ya friji, kisha nikarudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango. Kidogo. Sinia ya kupakulia pilau ingekifunika chote.

Huo ndio ukubwa wa picha ya Sam Ntiro iliyoko Museum of Modern Art, New York: rangi za mafuta, mwaka 1956, wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mbele ya picha yenyewe sijawahi kusimama. Nimeiona kwenye simu, na kwenye simu kila kitu kina ukubwa wa kiganja, mlima na kibuyu sawasawa. Ndiyo maana nilitaka kujua angalau inakula nafasi gani ukutani. Mke wangu alipoingia aliuliza kama siku hizi tunapamba nyumba kwa matangazo ya vifo.

Nilikuwa nimetarajia kitu kikubwa, na kosa ni langu. Ukiambiwa fulani alikuwa mchoraji wa Kilimanjaro, akili inakimbilia kilele: mita 5,895, theluji, tembo anapita chini yake, mgunga mmoja pembeni. Picha hiyo tunaijua sote. Imejaa kwenye maduka ya Mwenge jijini Dar es Salaam, kwenye fulana, kwenye lebo za chupa, kwenye mbao za wachoraji wa mtindo wa Tingatinga wanaojua vizuri mgeni atanunua nini kabla ya kupanda ndege. Mlima umesimama nyuma kama lile pazia la studio za picha za zamani, lenye bahari na mnazi, na wanyama wamejipanga mbele yake. Haielekei kwamba kuna mtu anayeishi pale.

Ntiro alizaliwa pale. Machame, 1923. Na mtu aliyekaa Machame hata wiki moja atakwambia jambo ambalo mimi, mtu wa Tanga, sikulitambua mpaka safari yangu ya tatu: ukiwa ndani ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchagga, mlima hauonekani. Juu yako kuna majani ya migomba, yamechanwachanwa na upepo, yanapishana mpaka mbingu inabaki vipande. Chini ya migomba kuna mibuni. Chini ya mibuni kuna magimbi, na pembezoni masale, jani ambalo huko ni mpaka wa shamba, ni alama ya kaburi la babu, na ndilo analolishika mtu anayekwenda kuomba msamaha. Mahali fulani usipopaona maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, yanashuka. Kibo, kilele chenyewe, iko juu ya yote hayo, lakini hiyo ni habari unayoijua tu. Ukitaka kuiona kwa macho, shuka Moshi mjini na uamke alfajiri, maana mara nyingi ikifika saa tatu mawingu yameshaifunga.

Ndani ya kihamba mlima unaujua kwa magoti. Kila kijia ama kinapanda ama kinashuka; tambarare ni ya kutafuta. Mtu akikuelekeza nyumba ya jirani hakutajii kaskazini wala kusini, anakwambia juu au chini, na baada ya siku mbili mwili wako unaanza kuelewa lugha hiyo kuliko dira yoyote. Picha za Ntiro zimechorwa na mtu anayeujua mlima kwa namna hiyo. Watu wake ni wadogo na ni wengi: wanabeba, wanalima, wanakata, wanajenga. Nyuso zao hazina maelezo mengi. Huwezi kusema huyu ni fulani, lakini unaweza kusema huyu amechoka. Migomba imerudiwarudiwa, jani kwa jani, kama mshono wa mkeka. Na kijani ni kizito, kijani cha mahali ambapo mvua haiji kwa kubahatisha.

Kuna mtu mwingine wa pwani aliyetangulia kulisema hili la kuujua mlima kwa mwili, miaka mia moja na zaidi kabla ya picha ile. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka kituo cha Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya mlima akaamini ni theluji. Huko London bingwa mmoja wa jiografia, Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kulikanyaga bara hili, akabisha miaka na miaka. Ugomvi huo umesimuliwa sana, na mimi unanichosha. Ninachokipenda ni kitu kidogo katika maelezo ya Rebmann: kiongozi wa msafara wake, Bwana Kheri, ule weupe aliuita baridi. Basi. Rebmann alikuwa anashughulika na kinachoonekana, mwenzake akamtajia kitakachompata mtu akifika. Katika habari zote za kuutazama Kilimanjaro sijapata neno lililo jirani zaidi na picha za Ntiro kuliko hilo la Bwana Kheri.

Ntiro aliingia Makerere mwaka 1944. Kijana mwingine wa Tanganyika, Julius Nyerere, alikuwa amemtangulia mwaka mmoja. Mwalimu wa sanaa alikuwa Margaret Trowell, Mwingereza, mke wa daktari, ambaye katika miaka ya 1930 alianza kufundisha kuchora barazani kwake huko Kampala mpaka darasa la baraza likawa shule, na shule hiyo leo ina jina lake. Trowell alikuwa mzito kuwaonyesha wanafunzi picha za Ulaya, aliogopa wataiga. Badala yake aliwasimulia. Soko, mvua, arusi, kisa cha Biblia. Wasikilize, waione akilini, wachore walichokiona.

Njia hiyo imelaumiwa, na sehemu ya lawama ni ya haki. Kumlinda mtu asione picha za wenzake duniani, hata kwa mapenzi, ni namna ya kumfungia chumbani. Lakini kwa kijana wa Machame aliyeko Kampala ilizaa kitu ambacho sidhani hata mwalimu alikipanga. Nyumbani kulikuwa mbali, safari ya siku na siku. Kila alipofumba macho ili achore, alikuwa anarudi kwao. Na mtu anayerudi kwao kwa kumbukumbu haanzii kileleni. Anaanzia kwenye kijia, penye jiwe lile linaloteleza, penye mbwa wa jirani, penye harufu ya moshi wa kuni zenye unyevu.

Baadaye alikwenda London, kwenye shule ya sanaa ya Slade, 1952 hadi 1955. Hapa pananivutia kukaa kidogo. Mkuu wa Slade miaka hiyo alikuwa William Coldstream, mchoraji wa kupima. Anamkalisha mtu mbele yake, ananyoosha mkono, anafumba jicho moja, na kwa mpini wa brashi anapima umbali kutoka sikio hadi bega, kutoka bega hadi kiwiko, anaweka alama, anapima tena. Picha moja ilichukua vikao vingi, na alama zile ndogo za kipimo aliziacha zionekane. Ni nidhamu kubwa, na simdharau mtu anayeifuata. Laiti mafundi wetu wa kujenga wangekuwa nayo nusu. Ntiro alipita katika nyumba hiyo miaka mitatu akatoka na migomba yake ileile.

Wapo waliolisoma hilo kama upungufu, kwamba alikwenda akarudi hajajifunza. Mimi simwoni hivyo. Alikuwa ameshafundisha Makerere kabla ya kuondoka. Hakushindwa kuelewa kupima maana yake nini. Nadhani alielewa vizuri sana kwamba namna ile inataka usimame mahali pamoja, kitu kikae mbele yako, na katikati yenu pawe na umbali ambao brashi inaweza kuupima. Mtu aliyezaliwa juu ya kitu atasimama wapi ili akipime?

Akiwa huko huko London, mwaka 1953, kilitoka kitabu chake, *Desturi za Wachagga*, kikachapishwa na Eagle Press. Alikiandika kwa Kiswahili. Kwa watu wa Machame angeweza kukiandika kwa lugha ya kwao, na kwa wakubwa wa London kwa Kiingereza. Alichagua lugha ya watu kama mimi, ambao Wachagga kwa utani hutuita chasaka, yaani wale wengine wote wa porini tusio Wachagga. Nampenda kwa hilo. Kitabu cha desturi kina kazi yake: kinakwambia nani anampelekea nani nini, na kwa sababu gani. Lakini kuna mambo ambayo kitabu cha desturi hakiwezi kuyabeba, kwa mfano giza lilikuwa kiasi gani, na aliyetangulia alikuwa umbali gani kutoka kwa aliyefuata.

Ndipo inapokuja ile picha ya 1956, sentimita 41 kwa 51.

Mbege, ndiyo hiyo pombe ya ndizi, haipikwi kwa haraka. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zinageuka rangi ya kahawia, zinaachwa siku kadhaa mpaka zichachuke. Ulezi unaloweshwa uote, unakaushwa, unasagwa, unapikwa uji. Gome chungu la msesewe linatiwa kwa kipimo anachokijua mpishi, na wapishi hodari wengi ni wanawake. Halafu ndizi na uji vinakutana. Kuanzia hapo saa imeanza kugonga: kesho inanyweka, keshokutwa imeanza kuwa kali, na siku inayofuata unamwaibisha mkwe. Kwa hiyo pombe ya ukweni ina ratiba yake, haijali ratiba yako. Ikishakuwa tayari inabebwa, na kama mchana umekwisha kwa kazi za shamba, inabebwa usiku.

Hiyo ni sababu moja ya usiku ule, na pengine inatosha. Lakini nikiitazama picha kama kazi ya mchoraji, naona nyingine. Mchoraji wa mlima anategemewa achague saa ambayo mlima unapendeza: alfajiri, theluji ikiwa na rangi ya waridi, au jioni mawingu yakifunguka. Huyu amechagua saa ambayo hata mtu wa Moshi mjini hana cha kutazama. Giza limemwondolea kilele, limemwachia mteremko, migomba, uzito kichwani na jirani aliye mbele. Macho yamepunguziwa kazi, na shingo imeongezewa. Ni ujasiri wa kimyakimya, na kwa kuwa picha yenyewe ni ndogo, ni rahisi kuupita bila kuuona.

Miaka miwili baadaye, 1958, yeye mwenyewe alioa. Bibi harusi alikuwa Sarah Nyendwoha wa Bunyoro, Uganda, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu, Oxford, 1954. Kutoka Machame hadi Bunyoro mbege ingechacha ikachachuka ikawa siki kabla haijavuka hata Kenya.

Kuna kitu katika picha zake kinachonikera, na nikikificha nitakuwa sijamtendea haki. Kilimanjaro ya miaka ya 1950 haikuwa mahali pa amani tupu. Ardhi ya vihamba ilikuwa inaisha. Mtoto wa tatu na wa nne alikuwa haoni atagawiwa nini. Kahawa ilikuwa fedha na siasa kwa pamoja: chama cha ushirika, KNCU, kilichoanza 1933, kilikuwa kimeshaonja ghasia za wakulima mwaka 1937. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Wachagga walimchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, yaani chifu wa Wachagga wote, na watu waligawanyika kwa sababu ya cheo hicho. Katika picha za Ntiro nilizoziona hakuna hata mmoja anayegombea mpaka. Kila mtu ana kazi, kila kazi ina wenzake. Ukimwuliza mzee yeyote wa Machame kama ndivyo ilivyokuwa, atacheka mpaka ashike mbavu, kisha atakutajia kesi tatu za masale yaliyohamishwa usiku.

Anayechora kwa kumbukumbu akiwa ughaibuni hupungukiwa na mambo ya aina hiyo. Kumbukumbu ya nyumbani inatunza njia na inasahau kesi. Sina la kumtetea sana hapo. Nasema tu kwamba wachoraji wa tembo na theluji wameacha nje watu wote, wema na wabaya, na ikinilazimu kuchagua, nachukua kijiji kisicho na ugomvi kuliko mlima usio na kijiji.

Ilipofika Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge kileleni, na kwa usiku mmoja Kilimanjaro ikawa mali ya watu ambao hawakuwahi kuiona, wa Kigoma, wa Lindi, wa kwetu Tanga. Mwaka huohuo Ntiro akawa mwakilishi wa kwanza wa Tanganyika huru mjini London, kazi aliyoifanya hadi 1964. Ni kichekesho cha haki kabisa: mlima unapandishwa cheo kuwa alama ya taifa, na mchoraji wake yuko Uingereza amevaa suti. Mlima uliingia mpaka kwenye Ngao ya Taifa. Lakini itazame ile ngao vizuri, si lazima uende mbali, angalia barua yoyote ya serikali. Bwana na bibi wamesimama pande mbili za ngao, na mlima uko chini ya miguu yao. Sisemi Ntiro alihusika kwa lolote. Nasema tu kwamba kila ninapoiona sasa namkumbuka yeye kwanza.

Aliporudi nyumbani alikuwa Kamishna wa Utamaduni, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maisha ya ofisi na ya darasa, na kuchora katikati yake. Alifariki 1993.

Barafu ya Kibo iliyopimwa mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 yake imeshatoweka. Wauza picha wa Mwenge itabidi waendelee kuchora theluji ya babu zao, maana mgeni hatanunua mlima wenye upara. Vihamba navyo vimebadilika. Mibuni mingi imeng'olewa, nyumba za tofali zimeota katikati ya migomba, na vijana wako Dar wanarudi Desemba. Hivyo hata kijani cha Ntiro kimeanza kuwa cha zamani, ila kinazeeka kwa namna nyingine: theluji inayeyuka bila kumuaga mtu, lakini mzigo wa pombe, mimi mwenyewe nimeubeba.

Ilikuwa ndoa ya rafiki yangu, Machame, mwezi wa nne, mvua zimeshika. Gari lilikwama chini, njia imegeuka uji, na nyumba ya ukweni ilikuwa juu. Vibuyu havikuwepo. Mbege ilikuwa kwenye ndoo za plastiki za lita ishirini zenye mifuniko, zile zilizoanza maisha yake zikiwa na rangi ya ukuta. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni. Baba mdogo wa bwana harusi, mzee aliyevaa koti na kofia ya pama, alitukagua mmoja mmoja kama sajini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe wa Tanga utaweza?"

Nikasema nitaweza. Pombe mimi situmii, na hukumu ya kuibeba sikutaka kumwuliza mtu usiku ule. Mama mmoja alinisokotea ngata kwa kipande cha kanga, akaniwekea kichwani, wawili wakanitwisha ndoo. Tukaanza kupanda kwa mstari, sita au saba, simu mbili zikiwa na tochi, nyingine zimekwisha chaji. Hatua za kwanza nilijaribu kutazama mbele. Hakukuwa na mbele. Kulikuwa na jani la mgomba linalonipiga usoni, maji yakinimwagikia kifuani, na visigino vya aliyenitangulia, vyeupe kidogo kwa tope lililokauka, vikipanda, vikitua, vikipanda. Nikavishika hivyo visigino kwa macho kama mtu anayeshika kamba. Pumzi ilianza kuniishia. Ili nijisahaulishe shingo nikauliza mlima uko upande gani, yaani Kibo, ili angalau nijue tunakwenda wapi.

"Tazama miguu, mwanangu," mzee akajibu kutoka mbele, bila kugeuka. "Hapo pana mfongo."

Nikausikia kabla sijauona. Nikanyoosha mguu, nikapapasa kwa vidole, nikapata jiwe. Ndoo iliyumba, mfuniko ukaachia, mbege vuguvugu ikanishukia shingoni mpaka mgongoni, na harufu yake, ya utamu ulioanza kuchachuka, ikawavutia mbwa wa nyumba ya juu. Wakaanza kubweka. Mtu alitoka na kandili, akaiinua, na wanawake wakapiga vigelegele gizani kwa wageni ambao walikuwa bado hawajawaona.